Elimu ya mtoto ishikwe na Washington au na jimbo? Mimi nimeishi majimbo mawili

#1 Mama Rayyan (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa kifuani siku nyingi.

Tangu Machi 2025, Rais Trump aliposaini amri ya kuanza kuivunja Wizara ya Elimu ya Marekani ili elimu "irudi kwa majimbo", magrupu yetu ya WhatsApp yamegawanyika kama Simba na Yanga. Anayempenda Trump anasema wizara ife, asiyempenda anasema ibaki. Wanaouliza wizara yenyewe inafanya kazi gani ni wachache mno. Mimi nina mtoto wa kiume wa miaka 11 mwenye usonji. Nimemsomesha Columbus, Ohio, na sasa namsomesha jimbo jingine la kusini. Kwangu swali hili liko mezani kila asubuhi tunapokunywa chai.

Tuelewane kwanza, kwa sababu sisi tuliotoka Tanzania tunaliwaza kwa mazoea ya nyumbani. Kwetu mtaala unatoka serikalini, mtihani ni wa NECTA, na anachosoma mtoto wa darasa la nne shule ya serikali Kigoma ndicho anachosoma mwenzake wa Mtwara. Marekani haiko hivyo na haijawahi kuwa hivyo. Neno elimu halimo kabisa katika Katiba yao. Marekebisho ya Kumi, ya mwaka 1791, yanasema madaraka ambayo serikali ya shirikisho haikupewa yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Ndiyo maana mtaala, leseni za walimu, umri wa kuanza shule na idadi ya siku za kusoma ni mambo ya jimbo. Jimbo nalo limeishusha kazi kwenye wilaya za shule, takriban 13,000 nchi nzima, nyingi zikiongozwa na bodi inayochaguliwa na wakazi wenyewe. Wizara ilianzishwa na sheria aliyoisaini Jimmy Carter mwaka 1979, na sheria hiyohiyo inaikataza kuamua kitakachofundishwa darasani. Haiajiri mwalimu wa shule ya mtaani kwako. Pesa ya shirikisho katika shule za msingi na sekondari ni kama asilimia 10 ya matumizi yote, mara nyingi pungufu ya hapo.

Kwa hiyo mtu akiniambia elimu irudi kwa majimbo, namuuliza irudi kutoka wapi. Iko huko tayari.

Yaliyoko Washington ni machache, lakini kwa familia kama yangu ndiyo mazito. Kuna pesa ya shule zenye watoto wengi maskini, Title I, iliyoanza na sheria ya Lyndon Johnson ya 1965. Kuna mikopo na misaada ya vyuo. Kuna ofisi ya haki za raia, unayoweza kuiandikia malalamiko mtoto akibaguliwa. Na kuna sheria ya watoto wenye ulemavu ya 1975, ambayo leo inaitwa IDEA.

Hapo kwenye 1975 naomba tukae kidogo. Bunge lao liliandika ndani ya sheria ile kwamba watoto milioni moja wenye ulemavu walikuwa wamefungiwa nje ya shule za umma kabisa. Milioni moja! Na hawakufungiwa na mtu wa Washington. Walikuwa chini ya majimbo yao na bodi zao, chini ya watu wa palepale mjini, wanaowajua mama zao kwa majina na kusali nao kanisa moja. Ujirani haukuwafungulia mlango.

Sasa yangu. Tulipohama Ohio mwaka wa masomo ulikuwa katikati. Mwanangu alikuwa na IEP, yaani mpango wa masomo ulioandikwa kwa ajili yake peke yake: saa za mtaalamu wa kuongea, msaidizi darasani, chumba cha kutulia kelele zikimzidi. Shule mpya wakaniambia, "Mpango huu ni wa Ohio, hapa tunaanza upya, subiri tathmini." Nikasubiri wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Mtoto aliyekuwa ameanza kutunga sentensi akarudi kunyamaza. Akawa anajificha chini ya meza, na mimi napigiwa simu kazini nije nimchukue. Nililia sana kipindi kile, na nilikuwa najilaumu kwa nini nimehama.

Usiku mmoja zamuni, mama mmoja Mmarekani mweusi mwenye mtoto kama wangu akaniuliza, "Wamempa huduma zinazolingana?" Sikumwelewa. Akanieleza kwamba sheria ya shirikisho inasema mtoto mwenye IEP akihama jimbo ndani ya mwaka wa masomo, wilaya mpya lazima impe huduma zinazolingana na zile alizokuwa nazo, huku wakiendelea na tathmini yao. Akaniandikia kifungu nyuma ya ratiba ya zamu. Nikaenda nacho shuleni pamoja na IEP yetu, nikawasomea kwa sauti, taratibu, Kiingereza changu hikihiki. Jumatatu iliyofuata mtaalamu wa kuongea alikuwa amekaa na mwanangu.

Ohio ina sheria zake na jimbo hili lina zake. Iliyopanda gari pamoja nasi, na godoro na masufuria yetu, ni sheria ya nchi nzima.

Msimamo wangu ni huu. Jimbo na wilaya waendeshe shule: wachague vitabu, waajiri walimu, wapange kalenda. Lakini haki ya mtoto aliye peke yake darasani, awe mlemavu, mgeni wa lugha, mweusi kati ya weupe, au maskini, isitegemee kura za majirani. Kwa sababu pale alipo, kura zake hazitoshi. Karibuni.

#2 Mkandarasi_Houston

Dada, pole sana kwa uliyopitia na mwanao. Nakuheshimu, na nakupinga kwa heshima.

Mke wangu ni mwalimu wa darasa la tatu, mwaka wa 19 huu. Mwulize yeye kuhusu Washington. Januari 2002 George W. Bush alisaini sheria ya No Child Left Behind, na vyama vyote viwili vilikuwa vimeipitisha kwa shangwe. Ikaamuru kila mtoto wa darasa la tatu hadi la nane apimwe kusoma na hesabu kila mwaka, na ikaamuru kwamba ifikapo 2014 watoto wote, asilimia 100, wawe wamefikia kiwango. Wote! Hata mtoto aliyeingia nchini juzi, hata mwenye ulemavu mzito. Shule isiyofikia lengo la mwaka inatangazwa imeshindwa, kisha inaadhibiwa. Ni mwalimu gani angeandika lengo hilo? Liliandikwa na watu ambao hawajawahi kufuta ubao.

Matokeo yake mke wangu aliyaona kwa macho. Muziki ulipunguzwa, sayansi ikasogezwa pembeni, Machi na Aprili ikawa ni kufundisha namna ya kuweka alama kwenye karatasi ya majibu. Watoto wa miaka minane wanatapika asubuhi ya mtihani. Mwaka 2014 ukafika, lengo halikutimia, na mpaka hapo majimbo mengi yalikuwa yameshaomba yasamehewe masharti. Desemba 2015 Obama akasaini sheria mpya, ESSA, ikarudisha sehemu kubwa ya maamuzi kwa majimbo. Miaka 13 ilipita kabla kosa lile halijarekebishwa. Jimbo likikosea, linakosea kwa watoto wake. Washington ikikosea, inakosea kwa watoto wa majimbo yote 50 kwa siku moja.

Halafu angalia Mississippi, jimbo ambalo kila mtu alilizoea mkiani. Mwaka 2013 wakatunga sheria yao wenyewe: mtoto asiyeweza kusoma hapandishwi darasa la nne kienyeji, na walimu wafundishwe upya namna ya kufundisha kusoma kwa sauti za herufi, makocha wa kusoma wakatumwa shuleni. Mwaka huo wastani wao wa kusoma darasa la nne ulikuwa pointi 209, wa nchi 221. Mwaka 2024 wao wamepata 219, nchi 214. Hakuna mtu wa Washington aliyewatungia. Ni jimbo maskini lililokaa chini likafikiri.

#3 Bint Vuga

Mimi niko Unguja, nasoma tu. Nataka kusema kwamba jambo hili halituhusu kwa mbali kama mleta uzi anavyodhani. Kwetu elimu ya msingi na sekondari ni ya Serikali ya Mapinduzi, si jambo la Muungano. Elimu ya juu ni ya Muungano, na Baraza la Mitihani nalo limo kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Maana yake watoto wetu wanakua chini ya wizara moja, kisha kidato cha nne wanapimwa na chombo cha Muungano. Nimefundisha miaka mingi. Matokeo yakiwa mabaya, unakuta hujui umshike nani. Anayefundisha anamtazama anayepima, anayepima anamtazama anayefundisha. Ningependa Mkandarasi anijibu: anayeendesha na anayepima wakiwa tofauti, ni vizuri au ni vibaya?

#4 Mkandarasi_Houston

Bint Vuga, shikamoo mwalimu. Swali lako limenifanya nifikiri tena. Hizo pointi za Mississippi nilizozitaja zinatoka kwenye kipimo cha NAEP, na hicho ni cha shirikisho, kipo tangu 1969. Bila kipimo cha pamoja kila jimbo lingejisifu kwa mtihani wake lenyewe. Kipindi cha No Child Left Behind majimbo mengine yalishusha kiwango chao cha kufaulu ili yaonekane yanapanda, na NAEP ndiyo iliyowaumbua. Kwa hiyo kupima kutoka nje nakubali. Ninachokataa ni kupima kunakoambatana na fimbo.

#5 Mama Rayyan (mleta uzi)

Kaka Mkandarasi, mambo ya 2014 nakubaliana nawe yote. Mwambie shemeji pole, na ahsante kwa kubaki darasani.

Lakini wewe uko Texas, na Texas ndiyo inayonipa hofu. Kuanzia 2004 mamlaka ya elimu ya jimbo iliweka kigezo kwamba wilaya isizidi asilimia 8.5 ya wanafunzi wanaopewa elimu maalumu. Wilaya zilizozidi zilikaguliwa. Mkuu wa shule akiona anakaribia 8.5 anafanyaje? Anamwambia mzazi mtoto wako hana tatizo, ni mvivu, mpe muda. Nchi nzima watoto wa elimu maalumu walikuwa wanazunguka asilimia 13, Texas wakashuka mpaka 8.5 hasa. Gazeti la Houston Chronicle, la mji wako, ndilo lililoanika habari hiyo mwaka 2016. Bunge la Texas likapiga marufuku kigezo hicho 2017, na Januari 2018 wizara ya shirikisho ikatoa ripoti kwamba jimbo limevunja IDEA, likatakiwa kurekebisha.

Utasema waandishi wa palepale ndio waliogundua, na bunge la palepale ndilo lililofuta. Kweli. Lakini je, pasingekuwa na IDEA, kigezo kile kingekuwa kimevunja nini? Kingekuwa ni uamuzi wa bajeti tu.

#6 Mzee wa Makupa

Vijana, hamjambo. Nawasoma kutoka Mombasa. Nilianza shule wakati elimu ya msingi Kenya ilikuwa mikononi mwa mabaraza ya kaunti. Sehemu nyingi mabaraza yalikuwa hayana pesa, na walimu wakikaa bila mshahara. Sheria ya 1969 ikayanyang'anya shule za msingi, afya na barabara kuanzia Januari 1970, isipokuwa manispaa saba, yetu ikiwemo. Wengi walishangilia, kwa sababu mwalimu aliyelipwa ni bora kuliko madaraka yasiyo na pesa. Kilichofuata ni kwamba kila kitu kilikaa Nairobi, na ukitaka jengo la choo lazima umjue mtu.

Katiba ya 2010 imerudisha kidogo: Jedwali la Nne limeipa kaunti chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na malezi ya watoto wachanga. Mtaala, mitihani, shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu vikabaki kwa serikali ya kitaifa. Na ugomvi haukuisha. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti aliandika waraka kwamba kaunti zisitoe basari za sekondari na vyuo bila makubaliano rasmi na serikali kuu, kwa kuwa si kazi yao. Ikawa ni kukimbilia kortini, na mtoto yuko nyumbani anangoja karo. Nilichojifunza mimi ni kuuliza hivi: pesa inatoka mfuko gani, na inafika lini? Hamjalizungumza hilo bado, na nyote wawili mnalikimbia.

#7 Mama Rayyan (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Ni kweli tumelikimbia, na ndilo lenyewe.

Shule za Marekani zinakula kodi ya nyumba na ardhi. Jimbo linatoa karibu nusu, na karibu nusu nyingine inatoka wilaya yenyewe, kwa kodi ya majengo ya wakazi wake. Kwa hiyo mtaa wenye majumba makubwa una shule yenye bwawa la kuogelea, na mtaa wa nyumba za mbao una shule inayovuja. Mtoto anazaliwa na bajeti yake. Nilipokuwa Columbus nilikuwa naendesha dakika 15 kutoka shule ya mwanangu kwenda kusafisha ofisi kwenye kitongoji cha matajiri, nikipita shule yao nageuza uso. Samahani kwa kusema hivi, lakini niliona uchungu.

Ohio huko wilaya za vijijini, pamoja na Perry County, zilishtaki. Mwaka 1997 mahakama ya juu ya jimbo ikasema mfumo wa pesa unavunja katiba ya Ohio. Ikarudia 2000. Ikarudia tena 2002, kisha ikaiacha kesi. Wabunge wa jimbo waliambiwa mara tatu na mahakama yao wenyewe, na utegemezi mkubwa wa kodi ya nyumba ukaendelea. Hiyo ndiyo imani yangu kwa majimbo ilipopata ufa.

#8 Mkandarasi_Houston

Sasa dada hapo ndipo nakushika. Unasema jimbo la Ohio halikusikia mahakama yake. Je, shirikisho lilifanya nini mwaka 1973?

Hii kesi kila Mswahili anayeishi Texas aijue. San Antonio kuna wilaya ya Edgewood, wakazi wengi ni wenye asili ya Meksiko, na jirani yake Alamo Heights, ya matajiri. Mwaka wa masomo 1967-68 watu wa Edgewood walijitoza kodi ya dola 1.05 kwa kila dola 100 ya thamani ya mali, Alamo Heights senti 85. Maskini wakajitoza zaidi. Wakapata dola 26 kwa kila mtoto kutokana na kodi hiyo, na wenzao wakapata 333. Ukijumlisha na pesa ya jimbo na ya shirikisho, Edgewood dola 356, Alamo Heights 594. Demetrio Rodriguez, mzazi, fundi wa chuma, akashtaki na wenzake. Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema elimu si haki ya msingi chini ya Katiba ya nchi, na ikawarudisha nyumbani.

Nani aliwasikiliza? Mahakama ya juu ya Texas, mwaka 1989, majaji wote kwa sauti moja, kwa kutumia katiba ya Texas, ambayo inasema wazi kwamba bunge lazima liwe na mfumo wa shule wa umma unaofaa. Tangu 1993 wilaya tajiri zinalazimika kutoa sehemu ya kodi yao isaidie maskini. Katiba za majimbo yote 50 zina kifungu cha elimu. Ya nchi haina. Sasa mtoto wako umlaze kwenye kitanda kipi, kile chenye godoro au kisicho nalo?

#9 Msomaji_Leipzig

Naomba nitie neno kutoka Ujerumani. Hapa majimbo ni 16 na kila moja lina wizara yake ya elimu. Binti yangu alikuwa darasa la tano Berlin, na Berlin shule ya msingi ni miaka sita. Tukahamia Saxony, ambako msingi ni miaka minne, kwa hiyo wenzake wa darasa la tano walikuwa wameshachujwa na kuanza sekondari. Tulikuta safari imeondoka. Baada ya matokeo mabaya ya PISA, kipimo cha kimataifa cha wanafunzi, mwaka 2001 mawaziri wa majimbo walikaa pamoja wakakubaliana viwango vya pamoja. Wanajitahidi. Lakini mama Rayyan nimekuelewa kabisa uliposema juu ya kitu kinachopanda gari pamoja na mtoto. Sisi Waafrika ndio tunaohamahama kufuata kazi.

#10 Mama Rayyan (mleta uzi)

Kaka Mkandarasi, umenishika kweli, na nimekaa siku mbili bila kujibu kwa sababu sikutaka kujibu kwa hasira. Ya 1973 siwezi kuitetea. Mimi ningeongeza neno elimu katika Katiba yao kesho asubuhi kama ningekuwa na uwezo. Na ya ulemavu pia Washington haiko safi: mwaka 1975 waliahidi kugharamia hadi asilimia 40 ya gharama ya ziada ya watoto hawa, na ahadi hiyo haijatimizwa hata mwaka mmoja. Wilaya zinabeba mzigo ambao mwenye amri hakuulipia. Mzee wa Makupa alitangulia kutuambia.

Lakini kuna jambo moja siwezi kulivuka. Mwaka 1959, Prince Edward County, Virginia, viongozi wa kaunti waliamua kufunga shule zote za umma kuliko kuwaweka watoto weusi na weupe darasa moja kama Mahakama ya Juu ilivyoagiza 1954. Weupe wakafunguliwa shule ya binafsi, wakasaidiwa ada. Weusi hawakuwa na kitu. Shule za umma zilikaa na makufuli mpaka 1964, na ni Mahakama ya Juu ya Marekani iliyosema sasa basi. Miaka mitano! Mtoto aliyekuwa na miaka saba akawa na kumi na miwili. Hilo halikuwa kosa la mtihani kama la 2002. Ulikuwa uamuzi wa hiari, uliopigiwa kura na watu wa karibu, kwa taratibu halali za serikali ya mtaa. Arkansas, 1957, gavana Faubus aliweka askari wa jimbo mlangoni mwa shule ya weupe kuwazuia wanafunzi tisa weusi, mpaka Eisenhower alipotuma jeshi. Gavana alikuwa karibu. Eisenhower alikuwa mbali.

Kwa hiyo ya pesa, jimbo lisaidie na mahakama zake. Ya vitabu, jimbo. Ila nikumbushe kilichotokea mwaka 2025: Machi wizara ilitangaza kupunguza karibu nusu ya wafanyakazi, na ofisi 7 kati ya 12 za haki za raia za mikoani zikafungwa, pamoja na ya Cleveland iliyokuwa ikihudumia Ohio na Michigan. Julai Mahakama ya Juu ikaruhusu upunguzaji uendelee kesi zikiwa bado. Kuifuta wizara kabisa kunahitaji Bunge. Sheria ya mwanangu bado iko kitabuni. Naogopa siku nitakapopiga simu na kusiwe na wa kuipokea.

#11 Mkandarasi_Houston

Ofisi za haki za raia sikuzizungumzia mimi. Dallas nayo wameifunga, na hilo hata mke wangu hakulipenda. Nikubali hapo: ukipunguza mitihani na masharti ya Washington nitakuunga mkono, lakini anayepokea malalamiko ya mtoto abaki. Na abaki nje ya jimbo, kwa sababu huwezi kumshtaki jirani kwa jirani.

#12 Furaha wa Uvira

Jambo kwenu wote. Niko hapa Marekani mwaka mmoja na miezi mitatu, nilitoka kambi ya Nyarugusu. Nimesoma uzi wote, mambo mengi sijayaelewa, ila nina shida na naomba msaada. Binti yangu ana miaka 9. Shule imeniita kwenye mkutano. Wamempima kwa Kiingereza, wanasema akili yake iko nyuma, watamweka darasa la peke yake. Nyumbani anajua kuhesabu vizuri, anasoma Biblia ya Kiswahili, anatunza wadogo zake. Karatasi zote ni za Kiingereza, wanataka nisaini. Anayenitafsiria ni kijana wangu wa miaka 13, na yeye analia akisoma maneno ya dada yake. Nisaini?

#13 Mama Rayyan (mleta uzi)

Mama Furaha, usisaini. Nisikilize vizuri.

IDEA ile tunayoizungumza humu inalinda pande zote mbili. Inasema mtoto apimwe kwa lugha yake kadiri inavyowezekana. Na inasema mtoto asihesabiwe kuwa na ulemavu ikiwa sababu kubwa ni kwamba hajui Kiingereza bado. Tena idhini yako lazima itolewe ukiwa umeelewa, kwa lugha yako. Mkutano huo shule ilete mkalimani wa Kiswahili, bila wewe kulipa. Kijana wako si mkalimani, ni mtoto, mpumzishe.

Andika, au mtu akuandikie, karatasi fupi: naomba mkalimani wa Kiswahili, naomba karatasi kwa Kiswahili, naomba binti yangu apimwe kwa Kiswahili, sitasaini mpaka hapo. Weka tarehe, baki na nakala. Mwaka 1974, watoto Wachina kama 1,800 wa San Francisco waliokuwa wanakaa darasani bila kuelewa lugha walishinda Mahakama ya Juu, majaji wote, kwa sheria ya haki za raia ya 1964. Haijalishi uko jimbo gani. Jimbo lolote.

#14 Mkandarasi_Houston

Mama Furaha, na mtu akikuuliza karatasi zako za uhamiaji kabla mtoto hajasoma, mwambie hapana. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ilikataza shule za huku kwetu Texas kuwazuia watoto wasio na karatasi. Mji wa Tyler walikuwa wanawadai dola 1,000 kwa mwaka. Wewe una karatasi, najua, lakini jua hilo kwa ajili ya wenzako. Mke wangu anasema atakuandikia hiyo barua kwa Kiingereza cha kiofisi leo usiku. Nitumie ujumbe wa faragha, taja tarehe ya mkutano tu, jina la shule acha.

#15 Furaha wa Uvira

Aksanti sana, Mungu awabariki. Mkutano ni Alhamisi, saa tisa mchana. Nitaenda na barua, na kijana wangu nitamwacha shuleni kwake asome.